Wafu Wasiokaa Makaburini

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alileta mbele ya jopo la idara shauri la utafiti juu ya mchezo wa televisheni wa Waingereza uitwao EastEnders. Kicheko kilikuwa kikubwa. Mwalimu mmoja aliuliza kama vitabu vya kusomwa vimekwisha duniani. Mwingine, ambaye ni mpole zaidi na kwa sababu hiyo ni wa hatari zaidi, alimtetea binti yule kwa maneno nisiyoweza kuyameza. Alisema kwamba mchezo wa namna hiyo si sanaa ya kuhukumiwa bali ni bidhaa ya kutazamwa. Kwamba ukifufua wafu, ukateketeza nyumba, ukawaoza watu asubuhi na kuwaachanisha jioni, haukosei wala haupatii, maana hakuna aliyetarajia uwe vinginevyo. Nilinyamaza siku ile kwa heshima ya kikao. Sasa nataka kuwajibu wote wawili, kwa sababu naona wametenda kosa moja: kila mmoja ameudharau mchezo ule, huyu kwa kuukataa, yule kwa kuusamehe.

Mtu hawezi kushtaki uharibifu wa nyumba bila ya kuthibitisha kwanza kwamba nyumba ilisimama. EastEnders ulionyeshwa kwa mara ya kwanza na BBC tarehe 19 Februari 1985. Walioubuni ni Julia Smith, mtayarishaji, na Tony Holland, msimamizi wa maandishi. Walizua mtaa wa wachuuzi na vibarua mashariki mwa London wakauita Walford, na katikati yake wakaweka kiwanja cha Albert Square chenye baa, soko na duka la kufulia nguo. Mchezo ulifunguliwa kwa mlango kuvunjwa. Wanaume watatu wa mtaa, Den Watts mwenye baa, Arthur Fowler na Ali Osman, waliingia kwa nguvu katika chumba cha mzee Reg Cox ambaye majirani walikuwa hawajamwona siku kadhaa, wakamkuta kitini yu katika hali ya kukata roho. Siku chache baadaye alikufa. Tafakari, msomaji, ni mwanzo wa namna gani huo. Hadithi iliyokusudiwa kusifu ujirani ilianza kwa aibu ya ujirani: mtu mzima amelala nusu maiti nyuma ya ukuta mwembamba, na upande wa pili watu wanakunywa chai. Na mzee yule, ambaye mtazamaji hakupata kumsikia akisema neno, alitafutiwa muuaji wake. Kifo cha mtu duni kilihesabiwa kuwa ni kifo.

Mfano ulio bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa Arthur Fowler. Arthur alipoteza kazi na hakupata nyingine. Mwaka 1986 binti yake Michelle alikuwa aolewe, na baba hakuwa na kitu mfukoni. Basi akazichukua fedha za chama cha akiba ya Krismasi ambazo majirani walimwekea amana, na akajifanya kwamba wezi wameingia. Wizi ule ulikuwa mdogo. Tajiri angeweza kuupoteza mezani kwa usiku mmoja. Lakini waandishi hawakuuachilia. Waliufuata mwezi baada ya mwezi: siri ikafichuka, majirani wakamkwepa sokoni, mke wake Pauline akabeba fedheha isiyo yake, mwishoni mwa mwaka akili ya Arthur ikayumba, na mwaka uliofuata akafungwa. Hapakuwa na bunduki wala moto. Palikuwa na mtu mwaminifu aliyeshindwa kuvumilia kuonekana hana, na adhabu iliyomfuata kwa mwendo uleule ambao adhabu humfuata mtu katika maisha: polepole, bila ya kupotea njia. Uingereza ya miaka ile ilikuwa na mamilioni ya watu wasio na kazi. Sijui hutuba ya bunge iliyowaeleza vizuri kuliko Arthur alivyowaeleza kwa kukaa kimya sebuleni kwake.

Ningeweza kuendelea. Mwaka 1987 kipindi kizima kiliachiwa wanawake wawili wazee, Dot na Ethel, wakizungumza ndani ya nyumba. Mwaka 2000 Ethel huyohuyo, mgonjwa asiye na matumaini, alimwomba Dot amsaidie kufa. Na Dot, Mkristo wa kushika dini, alitii ombi la rafiki na akaishi na mzigo wa jambo alilolitenda. Mwaka 1991 Mark, mwana wa Arthur, alijulikana kuwa ana virusi vya UKIMWI, wakati ambapo magazeti mengi yalimwona mtu wa namna hiyo kuwa ni maiti inayotembea. Waandishi walimwacha aishi kiasi cha miaka kumi na miwili mtaani pale, akiuza matunda na mboga, akioa, akigombana na mama yake. Mtazamaji aliyezoea kumwona akipima ndizi alijifunza jambo ambalo mabango ya serikali hayakuweza kumfunza.

Nguvu ya kazi hizi zote ilitoka mahali pamoja. Lililotendeka lilikuwa limetendeka. Mchezo wa mfululizo una mali moja ambayo riwaya haina, nayo ni muda: mtu anazeeka mbele ya macho yako kwa kadiri ileile unavyozeeka wewe. Kosa la mwaka huu linaweza kudaiwa baada ya miaka ishirini, na aliyelitenda akaja kulilipa akiwa na mvi za kweli. Mali hiyo ni kubwa mno. Na mali hiyo ndiyo iliyoponda.

Nilipokuwa London kwa masomo ya udaktari nilipanga chumba Plaistow, katika nyumba ya bibi mmoja mjane aliyezaliwa mtaa uleule. Jioni za EastEnders alikula mapema ili vyombo viwe vimekauka kabla ya mchezo kuanza, nami nilikaribishwa kukaa kwenye kiti kilichokuwa cha marehemu mumewe. Bibi yule aliwajua watu wa Walford kama mzee wa Kiswahili anavyoijua nasaba ya mji wake: huyu ni mtoto wa fulani, lakini si wa yule mnayemdhania, hawa hawasemezani tangu mwaka kadha. Usiku mmoja, nikitaka kupata mpangilio wa mambo, nilimwuliza Den Watts alikufa lini. Akageuza uso taratibu akaniuliza: “Mara ya kwanza au ya pili?”

Hakuwa akifanya mzaha. Lilikuwa swali la haki, kama la karani anayetaka tarehe.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari 1989. Den alipigwa risasi kando ya mfereji na mtu aliyeficha bastola ndani ya shada la maua, akatumbukia majini. Yalikuwa mauti yaliyomstahili, maana alijiingiza mwenyewe katika mambo ya majambazi, na binti yake wa kulea, Sharon, akamwombolezea. Maombolezo yale yalimjenga Sharon. Mwanamke tuliyemjua miaka iliyofuata alikuwa yatima wa Den Watts. Kisha, Septemba 2003, Den akaingia mlangoni akamsalimu binti yake. Zaidi ya watazamaji milioni 15 walikuwapo kumpokea. Mara ya pili ilikuwa Februari 2005, mchezo ulipotimiza miaka 20: mkewe mpya alimwua, na akazikwa chini ya sakafu ya baa. Miezi isiyofika kumi na minane! Mtu alitolewa kaburini ili auawe tena.

Najua nitajibiwa kwamba watazamaji wale milioni 15 ni ushahidi wa kufaulu. Mimi nasema ni ushahidi wa kile kilichouzwa. Mtu akiuza mlango wa nyumba yake hupata fedha siku hiyo, na usiku huo hulala bila ya mlango. Tangu siku Den aliporudi, kila kifo katika Walford kimekuwa ni uvumi. Jeneza likipita, mtazamaji hatazami jeneza. Anauliza kama mwili ulionekana. Mwandishi anayemwua mtu sasa hana budi kuongeza damu, kuongeza moto, kuongeza kelele, ili athibitishe kwamba safari hii ni kweli, na hata hivyo hathibitishi.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa halikuwa tena tukio bali desturi. Kathy Beale, mmoja wa watu wa siku ya kwanza kabisa, aliondoka mwaka 1998 kwenda Afrika Kusini, na mwaka 2006 zikaja habari kwamba amekufa huko katika ajali ya gari. (Nisamehewe nikisema kwa pembeni kwamba bara letu linafaa sana kwa kazi hiyo: ni mbali, na hakuna anayekwenda kuhakikisha.) Tarehe 19 Februari 2015, siku ya miaka 30 ya mchezo, Kathy alionekana yu hai. Cindy, mama wa watoto wa Ian Beale, alikufa gerezani mwaka 1998 akijifungua. Mwaka 2023 alirudi, na tukaambiwa kwamba alifichwa na dola kwa sababu ya ushahidi alioutoa.

Sasa mwangalie Ian Beale. Huyu yumo katika mchezo tangu kipindi cha kwanza, kijana mwembamba aliyekuwa mpishi, mfanyabiashara, mfilisika, mume wa wake wengi. Katika maisha yake amemlilia mama, na mama hakufa. Amemlilia mama wa watoto wake, naye hakufa. Huzuni mbili kubwa za mtu mmoja zimefutwa kama hesabu iliyokosewa ubaoni. Je, tukizitazama tena siku zile alipolia, tuone nini? Mwigizaji alilia kwa ukweli wote wa kazi yake, nasi tukamsadiki; leo machozi yale ni ya mtu aliyedanganywa, na aliyemdanganya ni mwandishi. Na liko jambo la kutisha zaidi ambalo watengenezaji, nadhani, hawakulipima. Lucy, binti wa Ian na Cindy, aliuawa mwaka 2014, na mtaa mzima ulikaa katika msiba huo karibu mwaka mmoja. Kwa kumrudisha Cindy hai, waandishi wameandika upya msiba ule bila ya kuugusa: tangu sasa ni msiba wa msichana ambaye mama yake alikuwa yu hai na hakuja mazikoni. Mwanamke angeweza kuonyeshwa akiuchukua mzigo huo kwa miaka mitano. Lakini palikuwa na mambo mengine mengi ya kuonyesha juma lile.

Mwalimu mwenzangu mpole atasema: mbona hadithi zetu wenyewe zimejaa wafu wanaofufuka? Zimejaa, naam. Lakini msimulizi wa kwetu anapoita “Paukwa!” na wasikilizaji wakaitikia “Pakawa!”, mkataba umeandikwa mbele ya mashahidi: tunaingia katika nchi ambamo ndege husema na mfu huamka, na hakuna atakayelalamika baadaye. EastEnders haukuita Paukwa. Uliita polisi, daktari, karani wa manispaa na mdai kodi ya nyumba. Uliingia mkataba wa aina nyingine, wa ulimwengu ambamo fedha zikiibiwa zimeibiwa, na aliyevunja mkataba si mtazamaji. Wanafunzi wetu wamesoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mwaka 1963, ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Caesar huuawa katikati ya mchezo, kisha humtokea Brutus usiku. Lakini humtokea akiwa mzuka, na kwa sababu ni mzuka anatisha. Lau Caesar angeingia hemani mzima, akaeleza kwamba alinusurika kwa hila ya mganga na sasa anataka nyumba yake, Brutus angekuwa na haki ya kuondoka jukwaani, nasi tungekuwa na haki ya kudai nauli zetu.

Imekuwaje? Hapana siri kubwa. Mchezo ulianza kwa nusu saa mbili kila juma. Mwaka 1994 zikawa tatu. Mwaka 2001 zikawa nne. Vipindi mia na kitu kwa mwaka vikawa mia mbili na zaidi. Wizi wa Arthur uliweza kuchemka mwaka mzima kwa sababu sufuria ilikuwa ndogo; ukiongeza maji mara mbili na nyama ileile, huna budi kutia pilipili. Waandishi wakawa wengi hata yamkini mmoja asijue mwenziwe ameahidi nini. Kila mtayarishaji mpya akaja na ufagio wake na orodha yake ya nyuso za zamani za kurudisha, maana uso wa zamani ni njia ya mkato: hauhitaji kujengwa, umekwisha jengwa na waliotangulia. Nakubali kwamba nyakati nazo zimebadilika. Krismasi ya mwaka 1986, Den alipompa mkewe Angie hati ya talaka, watazamaji walizidi milioni 30 ukijumlisha marudio. Leo hakuna mchezo wowote Uingereza unaoweza kuota hesabu hiyo, maana watu wametawanyika kwenye vioo vingi na kila mtu ana saa yake. Kupungua kwa watazamaji si kosa la waandishi. Kosa lao ni namna walivyolikabili: waliona watu wanaondoka, wakapandisha sauti.

Ile sauti iliwahi kuumiza watu, na hapa ndipo ninapomkatalia kabisa anayesema kuwa ni bidhaa tu. Usiku wa kuamkia mwaka 2011 mchezo ulionyesha mama, Ronnie, ambaye mtoto wake mchanga amekufa ghafla kitandani, kama watoto wengine wanavyokufa bila ya sababu kujulikana. Jambo hilo peke yake lingeweza kuwa kazi tukufu. Waandishi hawakuridhika. Wakamfanya Ronnie achukue maiti ya mwanawe, aende nayo kwa jirani aliyejifungua siku zilezile, aiweke kitandani na kumchukua mtoto aliye hai. Maelfu ya watu waliandika BBC kulalamika. Wengi walisema jambo moja: kwamba mama aliyefiwa na mtoto namna ile amekuwa akitazamwa kwa jicho la shaka siku zote, na sasa mchezo umemfanya mwizi na mwendawazimu. Kisa kilikatizwa, na mwezi wa Aprili mtoto akarudishwa kwa wazazi wake. Bibi mwenye nyumba wangu hakuandika barua. Katikati ya kipindi kile aliinuka akaenda jikoni, nikasikia maji yakifunguliwa juu ya vyombo vilivyokwisha oshwa.

Wakati huohuo jambo halisi lililokuwa likiuua mtaa wa mashariki ya London halikupata kipindi hata kimoja cha kulifaa. Nje ya dirisha letu kodi zilipanda, watoto wa wachuuzi walihamia Essex kwa kuwa hawakuweza kukaa walipozaliwa, na maduka ya kufulia nguo yakageuka kuwa mahali pa kahawa ya bei ya chakula. Albert Square, ambayo imejengwa kwenye viwanja vya michezo Elstree, nje ya London, iliendelea kukaliwa na wauza matunda wenye nyumba za ghorofa. Watu wake walikufa kwa mlipuko, kwa kisu, kwa kusukumwa kutoka juu. Sikumbuki aliyefukuzwa na kodi ya nyumba akaondoka na sanduku lake asirudi. Arthur Fowler angekijua kisa hicho. Hakuna aliyemwita akisimulie.

Hatuna haki ya kucheka mbali. Isidingo wa Afrika Kusini, uliopendwa sana Tanzania, ulianza Julai 1998 katika mji wa mgodi, kati ya watu wenye vumbi mikononi. Kadiri ulivyokwenda ukahamia kwenye ofisi za matajiri na kituo cha televisheni, hata ulipokoma Machi 2020 mgodi ulikuwa mbali nao. Na watengenezaji wetu, ambao sasa wanaandika michezo ya kila siku kwa Kiswahili, wanasoma katika shule hiyohiyo. Wakitaka mfano wa kufuata, ninawaomba wamfuate EastEnders wa mwaka 1986, wala si wa mwaka 2015.

Haki inanitaka niseme moja zaidi. Februari 2025, mchezo ulipotimiza miaka 40, baa ililipuka, na Martin Fowler, mtoto wa kwanza kuzaliwa katika mchezo ule, akafa katika kipindi cha moja kwa moja. Sikupenda mlipuko. Lakini Sharon alipokuwa amenaswa chini ya vifusi alimwona Angie, mama aliyemlea, ambaye amekufa zamani. Angie hakuwa amefichwa na dola wala hakuponea ajali. Alikuwa njozi ya mwanamke aliyeumia, akasema yake, akatoweka. Katika miaka mingi ndiye mfu pekee wa Walford aliyerudi bila ya kuniudhi, na ndiye niliyemlilia.

Binti yule wa shahada ya uzamili alikubaliwa mwishowe, kwa kura ya ziada. Nimemwagiza afungue daftari lenye safu tatu: jina la aliyekufa, tarehe, na mara ya mwisho mtu yeyote mtaani kumtaja. Anakwenda vizuri, amefika mwaka 1998. Juzi alikuja ofisini kuuliza Cindy amwandike vipi. Nikamwambia amwandike kwa penseli.